Kichwa cha Shaba ni cha Nani? Maada, Umbo na Deni katika Sanamu za Benin

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aghalabu methali hii hufafanuliwa kama funzo kuhusu malezi na urithi wa kazi. Hata hivyo, kitenzi "kusana", yaani kufua madini, kina nasaba ambayo sisi wahakiki hatuitaji mara nyingi: kinatokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno "sanaa". Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa ushairi, tamthilia na uchoraji lina ndugu yake aliyebaki karakanani, penye moto, mivukuto na jasho.

Makala haya yanakusudia kurudi huko karakanani ili kuchunguza swali moja la kifalsafa: uhalisi wa sanamu ya madini uko wapi? Je, sanamu ni yale madini yenyewe, ni umbo lililotiwa katika madini hayo, au ni matendo ya watu walioifanya na wanaoitumia? Tutalichunguza swali hili kwa kutumia mfano mmoja, yaani vichwa vya shaba vya ufalme wa Benin, uliokuwa katika eneo ambalo leo ni Jimbo la Edo nchini Nigeria. Mfano huu umeteuliwa kwa sababu swali linalodhaniwa kuwa la darasani tu lilifika mahakamani mwaka 2022, na jibu lake likawa na uzito kwa watu walio hai.

Inafaa tubainishe istilahi mbili mapema. Kwanza, tunatofautisha "uhalisi", yaani hali ya kitu kuwako kweli, na "uhalisia", ambao ni mtindo wa sanaa unaojaribu kuiga mambo yanavyoonekana. Kazi inaweza kuukosa uhalisia na bado ikasema jambo zito kuhusu uhalisi. Pili, neno "shaba" katika Kiswahili hubeba madini zaidi ya moja. Vitu vya Benin huitwa na Waingereza kwa jina la mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, lakini vingi kati yake ni shaba ya manjano, ambayo huchanganywa na zinki. Katika makala haya tutasema "shaba" tu, ila pale ambapo tofauti hiyo ina maana.

Sanamu ya shaba na a-unganifu

Falsafa ya Kiyunani iliichagua sanamu ya shaba kuwa mfano wake tangu awali. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alimweka msanii mbali na ukweli kwa daraja mbili: kuna kitanda cha asili kilichoumbwa na Mungu, kuna kitanda cha seremala, na kuna kitanda cha mchoraji ambacho ni mwigo wa mwigo. Aristotle hakuridhika na ngazi hiyo. Alipotaka kueleza sababu za kitu kuwako, alitaja shaba ya sanamu kuwa sababu mojawapo, ile ya maada, kisha akaongeza umbo, mtendaji na lengo. Kwake kitu halisi hakikuwa mahali pengine juu ya mawingu. Kilikuwa hapa, ni maada iliyopokea umbo.

Aristotle aliona pia jambo la kisarufi ambalo linatuhusu. Alisema kuwa hatusemi sanamu ni jiwe. Tunasema sanamu ni ya jiwe. Maada haipotei katika sanamu, lakini haitajwi tena kama nomino inayojitegemea. Imegeuka kuwa sifa.

Kiswahili kinalifanya jambo hili kwa a-unganifu, na kinalifanya kwa upana unaostahili kuchunguzwa. Tunasema "kichwa cha shaba", tukimaanisha maada. Tunasema "kichwa cha mfalme", tukimaanisha yule anayewakilishwa. Tunasema "kichwa cha madhabahu", tukimaanisha matumizi. Tunasema "kichwa cha msubi fulani", tukimaanisha aliyekifanya, na tunasema "kichwa cha makumbusho", tukimaanisha anayekimiliki au anayejidai kukimiliki. Kiunganishi kimoja kidogo kinabeba mahusiano matano. Ndiyo maana anapouliza mtu "Kichwa hiki ni cha nani?" hajauliza swali moja. Ameuliza ni sura ya nani, kilifanywa na nani, kilifanywa kwa ajili ya nani, na nani ana haki ya kukaa nacho. Tukijumlisha na swali la kimefanywa kwa nini, tumefika kwenye kiini cha makala haya.

Katika karne ya 20 tatizo hili lilipewa sura mpya. Allan Gibbard, katika makala yake ya mwaka 1975, alitupa mfano wa sanamu na donge la udongo ambavyo vinaanza kuwako pamoja na kuangamia pamoja, akauliza iwapo hivyo ni vitu viwili au kimoja. Mfano wake ni safi kwa makusudi. Donge halina historia. Shaba ya Benin ni kinyume chake kabisa. Iliishi maisha mengine kabla ya kuwa kichwa, na ni maisha hayo yanayolifanya swali liwe gumu.

Kusubu na umbo linalopitia utupu

Mbinu iliyotumiwa na wasubi wa Benin ni ile ya nta inayopotezwa. Msubi hutengeneza kiini cha udongo, akakipaka nta, kisha akaichonga nta hiyo hadi iwe na kila kitu anachotaka kionekane: macho, nywele, shanga, makovu ya kipaji cha uso. Baada ya hapo huifunika kwa udongo laini, kisha udongo mzito, akiacha mirija ya kupitishia madini. Kalibu inapotiwa moto nta huyeyuka na kutoka. Pale ilipokuwa nta panabaki nafasi tupu, na katika nafasi hiyo ndimo shaba inamomiminwa. Shaba ikipoa, kalibu huvunjwa.

Utaratibu huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kuna muda, kati ya kutoka kwa nta na kuingia kwa shaba, ambapo umbo lipo lakini halina maada yake. Kilichopo ni ukuta wa udongo unaozunguka utupu. Anayedai kuwa umbo haliwezi kuwako bila maada, na anayedai kuwa umbo linajitosheleza, wote wawili wana la kujibu mbele ya kalibu hiyo. Umbo limehifadhiwa na kitu kingine ambacho hakitakuwa sehemu ya sanamu, na ambacho kitavunjwa.

La pili ni kwamba kalibu haitumiki mara ya pili. Kila kichwa ni kimoja tu. Vichwa viwili vinaweza kufanana sana, hata mtazamaji akaviita pacha, lakini kila kimoja kilichongwa peke yake katika nta, kwa mkono, na kalibu yake ikafa nacho. Jambo hili si la kiufundi tu. Katika miaka ya 1950 British Museum iliuza baadhi ya mabamba ya shaba ya Benin kwa hoja kwamba yalikuwa nakala za mengine yaliyobaki, na serikali ya Nigeria ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na falsafa ambayo haikutajwa: kwamba sanamu ni umbo tu, na umbo likijirudia basi mojawapo ni ziada. Msubi yeyote wa mtaa wa Igun katika Jiji la Benin, ambako chama cha wasubi kiitwacho Igun Eronmwon kinaendelea na kazi hadi leo, angeweza kuwaeleza kuwa katika mbinu ya nta neno "nakala" halina pa kusimama.

Kichwa kisicho picha

Je, vichwa hivi ni vya nani kwa maana ya sura? Mtazamaji aliyezoea uhalisia hutarajia picha ya mtu. Katika Benin mambo hayakuwa hivyo. Oba mpya alipotawala alikuwa na wajibu wa kumtengenezea baba yake madhabahu, na vichwa vya shaba vilisubiwa kwa ajili ya madhabahu hiyo. Vingi vina tundu utosini, ambamo pembe ya ndovu iliyochongwa ilisimamishwa. Sura ya Oba mmoja haitofautiani na ya mwingine kwa namna ambayo ingetuwezesha kumtambua mtu barabarani. Kinachoonyeshwa ni cheo, mfululizo, na kichwa kama kitovu cha fikra na bahati ya mtawala, ambayo ndiyo bahati ya watu wake.

Kwa hiyo swali la Plato halishiki hapa. Kichwa hiki si mwigo wa uso uliokuwako, hivyo hakiwezi kuwa mwigo uliofifia. Ni kitu kinachofanya kazi. Kinamfanya marehemu awe mhenga aliyewekewa mahali pake, na kinamfanya mrithi awe mrithi kweli, kwa sababu ametimiza wajibu wake. Watafiti wa sanaa ya Benin hutaja kuwa katika lugha ya Kiedo usemi unaomaanisha kukumbuka unatokana na kitendo cha kusubu umbo katika shaba. Iwapo ndivyo, basi kukumbuka kwao si kuwa na picha akilini. Ni kukipa kitu uzito unaoweza kushikwa.

Wasomaji wengine watakumbuka hapa jitihada za Alexis Kagame wa Rwanda, ambaye mwaka 1956 alijenga falsafa ya kuwako juu ya makundi ya umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Inavutia kuuliza kichwa cha shaba kingeingia kundi gani: ni kitu, au kimekaribia kuwa mtu? Lakini Kiedo si lugha ya Kibantu, na wakosoaji wa Kagame, akiwemo Paulin Hountondji, walishatuonya tusiichukulie sarufi ya lugha kuwa falsafa ya watu wake. Tunachoweza kusema bila kuvuka mipaka ni kwamba uhalisi wa kichwa hiki haukukamilika karakanani. Ulikamilika madhabahuni.

Ndipo tunapoelewa uzito wa tendo la Februari 1897. Jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Benin, likauchoma, likachukua maelfu ya vitu vya shaba na pembe, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar, ambako alifariki mwaka 1914. Vitu vilivyouzwa London vilienea katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mradi wa Digital Benin, uliozinduliwa mwaka 2022, uliorodhesha zaidi ya vitu 5,000 katika nchi 20. Maada haikubadilika hata kidogo, wala umbo halikubadilika. Kilichovunjwa ni uhusiano. Anayeshikilia kuwa sanamu ni maada na umbo tu atalazimika kusema kuwa vitu hivyo vilifika London vikiwa kamili. Sisi tunasema havikufika kamili.

Manila

Hadi hapa hoja yetu inaelekea upande wa umbo na matumizi, na msomaji anaweza kudhani kuwa maada imeshindwa. Lakini maada ina historia yake, na ni historia nzito.

Wareno walifika Benin katika miaka ya 1480. Miongoni mwa bidhaa walizoleta ni manila, yaani bangili za shaba zenye umbo la kwato ya farasi, ambazo zilitumika kama fedha. Duarte Pacheco Pereira, baharia wa Kireno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kuwa katika eneo hilo mtumwa alinunuliwa kwa manila 12 hadi 15. Biashara ilikuwa kubwa. Mwaka 1548 kampuni ya familia ya Fugger ya Ujerumani iliingia mkataba na mfalme wa Ureno wa kumuuzia manila kwa ajili ya Afrika. Manila nyingi zilizofika Benin hazikubaki fedha. Ziliyeyushwa na wasubi.

Mwaka 2023 Tobias Skowronek na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya uchunguzi wa manila 67 zilizopatikana katika meli zilizozama na katika maeneo ya nchi kavu. Walipima madini ya risasi yaliyomo ndani yake na kuyalinganisha na vipimo vya shaba za Benin. Waligundua kuwa manila za awali zilizotengenezwa kwa shaba ya manjano ya eneo la mto Rhine, Ujerumani, zilikuwa chanzo kikuu cha madini ya sanamu hizo.

Hata macho matupu yanaweza kuisoma historia hii. Wataalamu wengi hupanga vichwa vya Benin kuanzia vile vyembamba na vyepesi, vinavyodhaniwa kuwa vya mapema, hadi vile vya karne ya 18 na 19 ambavyo ni vinene, vizito, na vyenye kola ya shanga iliyopanda hadi kidevuni. Wengi wao huueleza uzito huo kwa kuongezeka kwa madini yaliyoletwa na biashara ya bahari. Kwa maneno mengine, umbo lenyewe linatangaza wingi wa manila. Kola ya shanga inayotuvutia kwa ufundi wake ni hesabu iliyogeuka kuwa pambo.

Ni lazima tuwe waadilifu hapa. Benin haikuuza watu pekee. Iliuza pilipili, pembe za ndovu na vitambaa, na manila zilipatikana kwa hivyo pia. Zaidi ya hayo, kwa muda mrefu kuanzia karne ya 16 ufalme huo ulizuia uuzaji wa watumwa wanaume. Na usubi wenyewe ulianza kabla ya Wareno. Hakuna awezaye kuelekeza kidole kwenye shavu la kichwa fulani na kusema kuwa shaba hii ililipwa kwa mtu yule. Vipimo vya maabara vinaweza kutuambia madini yalitoka bonde gani la Ujerumani, lakini haviwezi kutuambia ni nani aliyepandishwa merikebuni. Shaba imekumbuka mgodi wake na kumsahau mtu.

Wadai wawili

Mwaka 2022, taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilipokuwa ikihamishia Nigeria umiliki wa vitu 29 vya Benin, kikundi cha Restitution Study Group chenye makao New York kilikwenda mahakamani kujaribu kuzuia. Hoja yao, kwa kifupi, ilikuwa hii: shaba ya sanamu hizi ni manila, manila zililipwa kwa watu waliotumwa utumwani, hivyo wazao wa watu hao walioko Marekani wana haki katika sanamu hizo. Mahakama haikuzuia uhamisho. Lakini hoja iliyoshindwa mahakamani haijawa hoja iliyojibiwa, na mhakiki hapaswi kujificha nyuma ya hakimu.

Jibu lililo rahisi zaidi ni la mfuasi wa umbo. Atasema kuwa manila ilikoma kuwako ilipoyeyuka. Kilichopo sasa ni kichwa, na kichwa ni kazi ya Waedo. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini anayelitumia peke yake atahadhari. Iwapo sanamu ni umbo tu, basi umbo linaweza kufaidiwa popote, na makumbusho ya London yanaweza kusema, kama ambavyo yamesema mara nyingi, kuwa uzuri ni wa wanadamu wote na mahali pake si hoja. Tena, iwapo ni umbo tu, Benin ingeweza kutumiwa nakala zilizopimwa kwa mashine hadi unywele wa mwisho, na deni likahesabiwa limelipwa. Mfuasi wa umbo anamshinda mdai wa New York kwa silaha ambayo dakika ifuatayo itamgeukia yeye mwenyewe.

Jibu la pili ni la mfuasi wa maada, na ndilo la wadai. Kosa lake haliko katika hisia. Hisia zao ni za haki. Liko kwingine. Kwanza, likifuatwa hadi mwisho, wachimbaji wa bonde la Rhine nao wangekuwa na fungu. Pili, na hili ndilo zito, kusema kwamba shaba hii ni ya wazao kwa sababu ilikuwa thamani ya babu yao ni kuikubali hesabu ya mnunuzi. Ni mfanyabiashara aliyedai kuwa mtu mmoja ni sawa na manila 12 au 15. Mtu hakugeuka kuwa manila, wala manila hazikuwa na mtu ndani yake. Tukidai kuwa yumo humo, tumeithibitisha biashara ileile tunayoilaani.

Basi deni liko wapi? Tunashikilia kuwa deni halikai ndani ya kitu kama maji yakaavyo mtungini. Deni hukaa kati ya watu. Linakaa kati ya wazao wa waliouzwa na wale ambao taasisi zao ziliuza na kununua: ufalme, taji la Ureno, kampuni za Ujerumani, na wengine waliopanda merikebu hizo katika karne zilizofuata. Shaba si malipo ya deni hilo. Shaba ni shahidi wake. Na shahidi hagawanywi kati ya wadai, husikilizwa.

Hapa kuna pingamizi la haki. Mtu anaweza kusema: kama kuyeyusha kumechanganya manila za pilipili na manila za watu, basi hakuna deni linaloweza kuthibitishwa juu ya kichwa chochote. Tunajibu kuwa mantiki hiyo inakwenda kinyume. Laiti manila zingebaki kila moja peke yake, tungeweza kutenga zilizo safi na zilizo najisi, na kila mmoja angeshika zile zinazompendeza. Kuyeyuka kumeondoa uwezekano huo. Kwa kuwa haijulikani ni kichwa kipi kina shaba ya damu, hakuna kichwa kinachoweza kutangazwa kuwa hakina. Deni limekuwa la wote kwa sababu ya moto uleule uliolificha.

Kutokana na hoja hizi tunafikia msimamo wenye pande mbili. Vichwa vinapaswa kurudi Benin, kwa sababu uhalisi wao ulikamilika huko na ulivunjwa kwa mtutu wa bunduki. Ujerumani ilisaini makubaliano ya kuhamisha umiliki wa zaidi ya vitu 1,000 mwaka 2022, na Uholanzi ikarudisha vitu 119 mwaka 2025. Hatua hizo ni sahihi. Lakini anayerudishiwa kichwa hatarudishiwa umbo peke yake. Anarudishiwa na ushahidi wa shaba. Mwaka 2023 Rais wa Nigeria alimtangaza Oba wa Benin kuwa mmiliki wa vitu vinavyorejeshwa, na mjadala kuhusu nafasi ya kasri na nafasi ya makumbusho ulipamba moto. Kwa maoni yetu, swali la kasri au makumbusho ni dogo kuliko swali la iwapo, popote vitakapowekwa, manila itawekwa kando yao na kutajwa kwa jina. Mzao wa mtumwa atakayesafiri kutoka ng'ambo na kukuta historia yake imesimuliwa waziwazi pale atakuwa amepata kitu ambacho hukumu ya mahakama isingempa.

Sarafu ya wahakiki

Inaweza kuulizwa haya yanahusiana vipi na jarida la uhakiki wa fasihi. Yanahusiana moja kwa moja. Tangu miaka ya 1980 wanafunzi wetu wamefundishwa kuwa fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Wengine huongeza mfano wa kikombe na chai iliyomo. Mfano wa kikombe ulikosolewa mapema kwa kuwa chai yaweza kumwagwa kikombe kikabaki. Mfano wa sarafu uliheshimiwa zaidi kwa kuwa pande zake hazitenganishiki. Lakini manila ni sarafu, na imetufundisha jambo ambalo mfano huo haukuliona: sarafu ina madini. Pande zote mbili zaweza kufutwa kwa moto, na madini yakabaki, yakaingia katika umbo jingine na kwenda nalo.

Madini ya fasihi ni lugha, nayo pia ina maisha ya kabla. Tutazame neno "uungwana". Leo tunalitumia kwa adabu, utu na mwenendo mzuri. Mhakiki husifu lugha ya kiungwana bila kusita. Katika miji ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru, na maana hiyo ilisimama kwa sababu mkabala wake alikuwepo mtumwa. Neno "ustaarabu" nalo lina asili katika kitenzi cha Kiarabu cha kujifanya Mwarabu. Maneno haya ni manila zilizoyeyushwa. Mshairi anapoyasubu katika ubeti mpya, umbo ni lake, na sifa ni zake, lakini uzito haukuanza naye.

Hatuna haja ya kwenda Benin kupata kitu cha shaba kinachotuuliza swali hili. Siwa ya shaba ya Lamu, iliyosubiwa na mafundi wa pwani na ambayo leo iko chini ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilikuwa ikipulizwa katika harusi na sherehe kubwa za wenye nasaba. Mtazamaji wa leo huona nakshi zake na kuziita urithi wetu sote. Kauli hiyo ni njema, lakini haikuwa kweli siwa ilipokuwa ikilia. Haki ya kulilizwa siwa ilikuwa ya waungwana; wengine waliisikia kama mpaka. Siwa iliyonyamaza ndani ya kioo imepoteza sehemu ya uhalisi wake, kama vichwa vya Benin vilivyopoteza madhabahu. Imepoteza pia, kwa ukimya huohuo, sauti iliyomwambia mtumwa mahali pake. Mhakiki anayeomboleza hasara ya kwanza bila kuitaja ya pili ametazama upande mmoja wa sarafu.

Hatupendekezi kuwa maneno hayo yaachwe, wala kuwa siwa ifungiwe. Msubi hawezi kufanya kazi bila madini, na hakuna madini yasiyo na mahali yalikotoka. Tunachopendekeza ni kuwa uhakiki wetu uongeze swali la tatu juu ya yale mawili ya kawaida. Baada ya kuuliza kazi inasema nini na inasemaje, tuulize imesubiwa kwa madini gani, na madini hayo yalilipiwa na nani.

Hitimisho

Makala haya yameanza na swali la uhalisi wa sanamu ya madini uko wapi. Tumeonyesha kuwa maada peke yake haitoshi, kwa kuwa humfanya mtu kuwa sawa na bei yake. Tumeonyesha kuwa umbo peke yake halitoshi, kwa kuwa huruhusu kitu kiporwe na bado kihesabiwe kuwa kamili. Tumependekeza kuwa sanamu ni maada na umbo vilivyofungwa pamoja na matendo ya watu, na kwamba miongoni mwa matendo hayo yamo madeni ambayo moto huyaficha bila kuyafuta. Kichwa cha shaba cha Benin ni cha Waedo waliokisubu na kukiweka madhabahuni. Na wale ambao huenda shaba yake ililipwa kwa ajili yao, ingawa hawakimiliki, wana haki ya kutajwa kila kinapotajwa.

Yapo maeneo ambayo makala haya hayakuyagusa. Historia ya wasubi na wafuaji wa shaba wa pwani yetu ingali inahitaji kuandikwa kwa Kiswahili, hali kadhalika historia ya msamiati wa daraja na utumwa katika tenzi na mashairi yetu. Ni matumaini yetu kwamba wanafunzi wa shahada za juu watayatazama maeneo hayo, nao wakumbuke methali tuliyoanza nayo: si lazima kila mmoja wetu asane, lakini anayevukuta naye anahusika na kinachotoka motoni.